Kabla ya Ziwa la Kipsing, Tuulinde Mto wa Mchanga

Jina la Kipsing limo katika mipango mikubwa ya Kenya kuliko wasomaji wengi wanavyofahamu. Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka wa 2008, ilitaka Isiolo iwe na mji wa kitalii, na mahali palipochaguliwa ni Kipsing Gap, uwazi ulio kati ya vilima yapata kilomita 20 magharibi mwa mji wa Isiolo, upande wa kuelekea kituo kidogo cha Kipsing katika wadi ya Oldonyiro. Ekari 6,500 zilitajwa. Mnamo Machi 2, 2012, Rais Mwai Kibaki alipouzindua mradi wa LAPSSET kule Lamu, akiwa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, mji huo wa kitalii ulikuwa ndani ya mradi pamoja na bandari, barabara, reli na mabomba ya mafuta. Mji wa hoteli hauwezi kuishi bila maji, kwa hiyo mpango ulikuja na bwawa: ukuta wa kuuzuia mto Ewaso Ng'iro mahali panapoitwa Crocodile Jaws, mpakani mwa Isiolo na Laikipia, ili nyuma yake litande ziwa. Zaidi ya miaka 10 imepita, hoteli hazijasimama na ziwa halijatanda. Kuchelewa huko kumetupa nafasi ya kuuliza swali lililopaswa kutangulia: watu wa Kipsing wanakunywa maji gani leo, na nani anayalinda? Msimamo wangu ni kwamba ukuta usiinuliwe, wala ekari hata moja isitengewe hoteli, kabla laga la Kipsing, yaani mto wake wa mchanga, na ardhi inayolizunguka havijaandikishwa kisheria kwa jina la watu wanaoishi hapo.

Aliyezoea ziwa la Naivasha au la Baringo anaweza kufika Kipsing akaona hakuna maji kabisa. Kusini kuna vilima vya Mukogodo na msitu wake. Kaskazini kuna Ewaso Ng'iro, mto unaoteremka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, ukavuka Laikipia, kisha ukapinda kwenda mashariki kupitia Archer's Post na Merti hadi kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Kati ya vilima na mto ni nchi ya mwamba mkongwe, udongo mwekundu na migunga, na ndani ya nchi hiyo limelala laga la Kipsing, njia pana ya mchanga ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka haina hata tone juu yake. Mvua ikipiga vilimani, maji hushuka kwa kishindo, hupita kwa saa chache au siku chache, kisha mchanga hubaki mtupu. Mpimaji anayefika wakati wa kiangazi na ramani yake ataandika kwamba eneo ni kame na halitumiki, na ataandika hivyo gari lake likiwa limesimama juu ya maji.

Maji hayo hufikiwa kwa jembe na mikono. Mvua zinapokuwa zimeisha tu, shimo la kina cha mkono linatosha. Kiangazi kikiendelea, mchimbaji huingia hadi kiunoni, halafu hadi kichwani, na ukame ukikaza kisima huwa kirefu kiasi kwamba watu husimama mmoja juu ya mwingine, kila mmoja kwenye kidato chake, wakipokezana ndoo hadi kwenye hori lililo ukingoni. Mchanga hubomoka, kwa hiyo ubavu wa shimo hushikiliwa kwa matawi, na juu huzungushiwa miiba ili ng'ombe wasiporomokee ndani. Nchi ya Wasamburu inajulikana kwa nyimbo za visimani: mwenye mifugo huimba anapoteka, na ng'ombe wake huitambua sauti yake na kusogea zamu yao ikifika. Kisima kina mwenyewe. Aliyekichimba pamoja na ukoo wake ndio wanaopanga nani anyweshe kwanza, ngamia wapite lini, mgeni apewe siku gani. Usiku tembo hushuka na kuchimba visima vyao kwa miguu na mkonga, na wanyama wadogo hunywa nyuma yao. Utaratibu huu haujaandikwa kwenye gazeti rasmi la serikali, lakini ndio umeziwezesha familia na mifugo kuvuka viangazi katika nchi isiyopata hata milimita 600 za mvua kwa mwaka, tena mvua yenyewe ikija kwa vipindi viwili visivyoaminika.

Sayansi ya jambo hili ni nyepesi. Mchanga mnene wa mtoni huweza kushika maji yanayofikia robo ya ujazo wake au zaidi, na maji yakishakuwa zaidi ya nusu mita hivi chini ya uso, jua haliyafikii tena. Ziwa la wazi hali yake ni tofauti. Katika nyanda hizi za joto na upepo, maji yaliyotandazwa juani hupoteza kina cha karibu mita mbili kwa mwaka kwa kugeuka mvuke. Tupige hesabu. Kilomita moja ya mraba ya ziwa, ikipoteza mita mbili, imepoteza mita za ujazo milioni 2. Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 hivi kwa siku, karibu lita 11,000 kwa mwaka. Maji yanayopaa kutoka kwenye kilomita hiyo moja yangenywesha ng'ombe zaidi ya 180,000 kwa mwaka mzima. Hata ukirudisha kiasi ambacho mvua itaongeza, hasara inabaki kubwa mno. Watu wa Machakos, Kitui na Makueni wanalijua hili, ndiyo maana kwa miongo mingi wamejenga mabwawa ya mchanga, kuta fupi za mawe na saruji zinazokingama kwenye mto wa msimu ili mchanga urundikane nyuma yake na maji yajifiche ndani. Kipsing mto wa namna hiyo upo tayari. Unahitaji kuta fupi chache mahali ambapo mwamba uko karibu, pampu ya mkono hapa na pale ili mama asishuke shimoni, na ulinzi.

Nasema ulinzi kwa sababu historia ya mahali hapa ni ya maji kuamuliwa na watu wasioyanywa. Binadamu wamekuwa wakiyafuata maji ya mabonde haya tangu zama za mawe. D. Bruce Dickson na Frederic Pearl walichunguza mabonde ya mito ya Kipsing na Tol na kuchapisha matokeo katika jarida la Azania mwaka wa 2004, na katika kibanda cha mwamba cha Shurmai, kwenye vilima hivyo vya Mukogodo, uchimbaji ulifunua zana za enzi ya kati ya mawe na za enzi zilizofuata. Msitu wa Mukogodo ulikuwa makazi ya Wayaaku, warina asali na wawindaji walioacha lugha yao na kuchukua Kimaa katika karne iliyopita. Wasamburu na mifugo yao, kisha Waturkana, wamekuwa wakiyatumia malaga haya kwa vizazi, wakipatana na kugombana kadiri mvua ilivyoruhusu. Sotoka ya miaka ya 1890 ilimaliza ng'ombe, na kabla jeraha halijapona ukaja ukoloni. Kati ya 1911 na 1913 Wamaasai waliondolewa Laikipia, na sehemu kubwa ya uwanda ulio juu ya Kipsing ikagawiwa walowezi. Upande wa chini, sheria za mwaka wa 1902 na 1934 ziliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, mtu akahitaji kibali kuingia au kutoka. Mfugaji aliyezoea kupanda nyanda za juu wakati wa kiangazi alijikuta amezuiliwa juu na amefungiwa chini. Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 uliamua fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye rutuba na mvua. Kipsing haikuwamo.

Matokeo ya maamuzi hayo yanapimika mtoni. Kipimo cha maji cha Archer's Post kilionyesha kwamba katika mwezi wa Februari, kilele cha kiangazi, Ewaso Ng'iro ulikuwa ukipitisha karibu mita za ujazo 9 kwa sekunde katika miaka ya 1960. Miaka ya 1990 kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hadi karibu mita moja. Mvua pekee haielezi kushuka huko. Juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na kuzunguka Nanyuki na Timau, mashamba makubwa ya maua na mboga pamoja na maelfu ya mashamba madogo yalivuta maji kutoka kila kijito, mengine kwa vibali na mengine bila vibali. Hili linahusu Kipsing moja kwa moja, kwa sababu laga likikauka kabisa, Ewaso Ng'iro ndio kimbilio la mwisho. Mtu wa chini ya mto anabaki na kile kilichosazwa na kila mtu aliye juu yake. Sasa bwawa la Crocodile Jaws linapendekeza kuongeza mkono mwingine kwenye mto huo huo, mkono mkubwa kuliko yote, na kuupa mamlaka ya kufungua au kufunga.

Watu wa bonde hili hawakunyamaza. Tangu 2013 mashirika ya wafugaji yamekuwa yakiandaa msafara wa ngamia unaofuata Ewaso Ng'iro, watu wa makabila mbalimbali wakitembea siku kadhaa na kuzungumza kituo baada ya kituo kuhusu mto na kuhusu bwawa hilo. Nimesikia wataalamu wakiuita msafara huo upinzani wa watu wasioelewa maendeleo. Tuwajibu kwa mfano wa hapa nchini. Bwawa la Turkwel lilijengwa kati ya 1986 na 1991, likiwa na ukuta wa zaidi ya mita 150, na kwa karibu miaka 30 ziwa lake halikujaa. Chini yake, mafuriko ya msimu yaliyokuwa yakinywesha misitu ya migunga ukingoni mwa mto Turkwel yalivurugika. Familia za Waturkana zina haki za kurithi juu ya miti hiyo, wanaziita ekwar, kwa sababu maganda ya mgunga ndiyo chakula cha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Wapangaji wa bwawa walihesabu umeme. Lakini maganda ya mgunga hayana mita ya kupimia, na kisichopimwa hakikuingia kwenye hesabu. Pale Merti na Lorian, na kwenye hifadhi za Samburu na Buffalo Springs ambazo kaunti za Samburu na Isiolo hupata fedha kwazo, mafuriko ya Ewaso Ng'iro hufanya kazi hiyo hiyo ya kunywesha malisho na kujaza mchanga.

Najua jibu litakalotolewa, na ni zito. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Mchanga ulikauka mahali ambapo wazee hawakuwahi kuuona umekauka. Katika hali kama hiyo, mtu atauliza, ni ubinadamu gani kumwambia mama wa Kipsing aendelee kuchimba shimo na hali ziwa lingeweza kumpa maji mwaka mzima? Swali hili lazima lijibiwe kwa heshima. Kwanza, bwawa lilibuniwa kwa ajili ya mji wa kitalii na mji wa Isiolo, ambayo yote iko mbali na visima vinavyozungumzwa, na bomba linalopita kwenye ardhi ya mtu halimaanishi kwamba atafunguliwa mfereji. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, wakati wa ukame mfugaji hukosa malisho kabla hajakosa maji. Penye maji mengi ya kudumu mahali pamoja, kila kundi la mifugo kutoka kila upande huhamia hapo, na katika wiki chache nyasi zote umbali wa kutembea kwa siku moja zimekwisha. Kaskazini mwa Kenya imeshaona hivyo kuzunguka visima virefu vilivyochimbwa bila kuuliza wenyeji, vituo vya maji vikageuka jangwa. Laga lina faida ambayo ziwa halina: maji yake yametawanyika kwa urefu wote wa mto, kidogo kidogo, na yanaisha sehemu moja baada ya nyingine, hivyo hulazimisha mifugo isambae na malisho yapumzike. Mhandisi anaona huo ni udhaifu. Kwa nchi ya ufugaji ndio uhai wake.

Wala ziwa lenyewe halimhakikishii mtu wa ukingoni usalama. Wailchamus wa Baringo, ndugu wa Wasamburu kwa lugha ya Kimaa, wameishi kando ya ziwa kwa vizazi vingi, wakivua na kulima kwa umwagiliaji. Tangu yapata 2010 ziwa hilo limekuwa likipanda, na mwaka wa 2020 likameza nyumba, shule na malisho. Lile ni ziwa la asili, na mvua ndiyo iliyolipandisha. Ziwa la bwawa hupanda na kushuka kwa uamuzi wa mtu aliye ofisini, na anayeishi ukingoni au chini ya ukuta hana kauli kama hana hati.

Hapo ndipo suala la ardhi linapoingia, na kwangu ndilo kiini. Kusini zaidi katika Bonde la Ufa kuna ziwa Bogoria. Waendorois walikuwa wakichunga na kuabudu kando yake hadi serikali ilipoanza kuwaondoa mwaka wa 1973 ili pawe hifadhi ya wanyama na watalii. Ardhi yao ilikuwa ya amana, ikishikiliwa na baraza la kaunti kwa niaba yao, na baraza hilo ndilo lililoitoa. Waliipeleka kesi hadi kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka wa 2010 ukasema Kenya ilikiuka haki zao na iwarudishie ardhi. Miaka imepita tangu uamuzi huo, na ardhi haijarudi mikononi mwao kama ulivyoagiza. Kule Marsabit, mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ulipewa ekari 150,000 za wafugaji, na mnamo Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ikasema hati hizo zilitolewa kinyume cha utaratibu. Mitambo ilikuwa imeshasimama na inazunguka. Katika kesi hizi mbili wananchi walishinda hoja baada ya mali yao kuwa imeshatumika. Sehemu kubwa ya ardhi ya Isiolo ilikuwa katika kundi hilo hilo la ardhi ya amana. Haikuwa na hata ranchi za vikundi kama zile za Laikipia na Samburu ambazo angalau zilikuwa na daftari la wanachama.

Mwanasheria wa kaunti atasema tatizo hilo lilimalizwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 63, inaitambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaikataza serikali ya kaunti kuiuza au kuibadilisha kuwa ya watu binafsi kabla haijaandikishwa. Ni kweli, na sheria hiyo ni nzuri kuliko wengi wanavyoikadiria. Lakini itazame inavyofanya kazi mahali ambapo jamii haijaandikishwa. Serikali ya kitaifa ikitwaa ardhi kwa ajili ya bwawa, fidia hulipwa kwa kaunti, nayo huiweka kwenye akaunti ya amana hadi siku ambayo jamii itaandikishwa. Hakuna kamati iliyochaguliwa ya kukaa mezani na mwekezaji. Hakuna daftari linaloonyesha ni familia zipi zina visima katika sehemu ipi ya laga. Jamii ikishaandikishwa, mambo hubadilika kabisa: mkataba wowote wa uwekezaji lazima ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii. Pale jirani Laikipia, Il Ngwesi na Musul zilikuwa miongoni mwa jamii za kwanza kupitia mlango huo. Kipsing iko umbali wa kutazamana nao.

Kuna wasiwasi mwingine ambao husemwa kwa sauti ya chini, kwamba kuandikisha ardhi Isiolo ni kuwasha moto. Wasamburu, Waturkana, Waborana, Wasomali na Wameru wote wana madai katika kaunti hii, mpaka wa Isiolo na majirani zake una migogoro, na mstari wowote utakaochorwa utamwacha mtu upande usiofaa. Sipuuzi hofu hiyo, kwa maana watu wamekufa kwa ajili ya malisho na visima katika eneo hili. Hata hivyo, migogoro hiyo imekuwepo ardhi ikiwa haijaandikishwa, na uvumi wa mradi mkubwa umeizidisha, kwa sababu kila upande unataka uwepo siku ya kugawa fidia. Tangu mipango ya LAPSSET itangazwe, vigingi na nyua vimeota kandokando ya Isiolo mahali ambapo zamani palikuwa malisho. Sheria ya 2016 inaruhusu jamii kuandikisha ardhi kwa misingi mbalimbali, ikiwemo kuishi pamoja na kutumia rasilimali moja, si kabila peke yake, na inatambua kwamba wafugaji wa nje wanaweza kupewa ruhusa ya malisho kwa masharti yanayokubaliwa. Kwa maneno mengine, Msamburu na Mturkana wa Kipsing wanaweza kuwa katika daftari moja, na Mborana anayeleta ng'ombe wakati wa ukame anaweza kuwa na haki iliyoandikwa badala ya kutegemea bunduki. Kazi hiyo inataka muda, wazee wanaosikilizwa na pande zote, wanawake wenye kauli katika mkutano, na maafisa wa ardhi wanaokaa huko kwa miezi. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya ukuta wa bwawa.

Na vijana je? Kijana aliyemaliza shule ya sekondari Oldonyiro hataki kuambiwa kwamba mustakabali wake ni kuteka maji kwa ndoo, na ana haki ya kukataa. Mji wa kitalii unamwahidi kazi. Ila kazi ya namna gani hutegemea nani ana hati. Nyumba ya wageni ya Il Ngwesi, iliyofunguliwa mwaka wa 1996 kwenye ukingo wa vilima vya Mukogodo, ni mali ya jamii yenyewe, na mapato yake yameingia katika karo na zahanati pamoja na kuwalipa mishahara vijana wa hapo. Siwezi kusema ni mfano usio na kasoro, maana utalii huanguka kila kunapotokea tishio la usalama au maradhi, kama ilivyokuwa mwaka wa 2020. Lakini utalii ukianguka, Il Ngwesi bado ina ardhi yake na ng'ombe wake. Kijana aliyepewa sare ya mlinzi langoni mwa hoteli iliyojengwa juu ya malisho ya babu yake hatabaki na kitu siku hoteli ikifungwa. Mji wa Kipsing Gap, kama utajengwa, ujengwe juu ya ardhi iliyokodishwa na wenyewe, kwa mkataba wenye muda, kodi na idadi ya kazi zilizoandikwa.

Wenyeji nao wana wajibu, na si haki kuufunika. Miti ya kingo za laga inakatwa kwa makaa. Mifugo ikizidi kwenye vilima, udongo laini huteremka na mvua na kuziba mchanga, na mchanga uliozibwa haunywi maji. Hatari kubwa inayokuja ni lori. Isiolo inakua, Meru inakua, kila jengo linataka mchanga, na mchanga wa laga ni safi na hauna mlinzi. Lori moja likiondoka na tani zake limeondoka na kisima pia, kwa kuwa hakuna kitakachoshika maji ya mvua ijayo. Makueni ilipoona mito yake imechimbwa hadi mwambani na watu wakauana juu ya mchanga, ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka wa 2015. Isiolo haina sababu ya kungoja hadi ifike hapo. Bunge la kaunti linaweza kuanza na mambo mawili: kupiga marufuku uchimbaji wa mchanga kwa biashara katika sehemu za laga zenye visima, na kuwapa wazee wa visima uwezo wa kisheria wa kusimamisha lori.

Serikali ya kitaifa nayo isimamishe hatua yoyote mpya ya Crocodile Jaws hadi mambo matatu yawe mezani hadharani: daftari la jamii ya Kipsing na majirani zake, ramani ya visima vya mchanga iliyochorwa na watumiaji wenyewe kwa kila sehemu ya laga, na hesabu ya maji yatakayobaki mtoni mwezi wa Februari kutoka ukutani hadi Lorian, tarakimu kwa tarakimu, ikionyesha pia wanaovuta maji juu. Na mkutano wa kusikiliza maoni usifanyike katika ukumbi wa hoteli mjini Isiolo. Ufanyike Kipsing, katika mwezi wa Februari au wa Septemba, wakati watu wote wako lagani, na uanze alasiri, baada ya mifugo kunyweshwa.